Kuziba na Kuzibua: Tiba ya Uvujaji wa Mafuta katika Injini za Pikipiki Kongwe za Uingereza

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu shule za msingi, kiasi kwamba wengi wetu huipokea bila kuihoji. Hata hivyo, zipo kazi ambazo anayekimbilia kuziba ufa kabla ya kuuliza umetokana na nini huishia kuujenga ukuta ule ule aliodhani ameuepuka. Ukarabati wa injini za pikipiki zilizoundwa Uingereza kati ya miaka ya 1930 na ya 1970 ni mojawapo ya kazi hizo. Mafuta huvuja, mwenye pikipiki hununua gundi, gundi hupakwa kwa wingi, baada ya siku chache mafuta huvuja tena, aghalabu kupitia mahali pengine.

Makala haya yananuia kueleza kwa nini injini hizo huvuja na utaratibu unaofaa kufuatwa katika kuzitibu. Hoja yetu kuu ni kwamba uvujaji ni dalili wala si ugonjwa wenyewe. Lugha yetu ina jozi ya vitenzi inayolibainisha jambo hili vizuri: kuziba na kinyume chake, kuzibua. Fundi asiye na uzoefu huanza na kitenzi cha kwanza. Fundi aliyekomaa huanza na cha pili.

Yamkini msomaji atajiuliza injini ya Kiingereza imefuata nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu letu ni fupi. Imedaiwa mara nyingi, hata na baadhi ya wasemaji wake, kwamba Kiswahili ni hodari katika ushairi na methali lakini hukwama kinapofikishwa kwenye mitambo. Dai kama hilo halijibiwi kwa malalamiko. Hujibiwa kwa kuuchukua mtambo mmoja na kuueleza hadi ueleweke. Tutachukua kielelezo cha Triumph Bonneville ya ujazo wa sentimita 649 za mchemraba, pikipiki iliyoingia sokoni kwa msimu wa 1959 na ambayo ingali inatunzwa na wapenzi wengi Uingereza, Marekani na kwingineko.

Sifa mbaya na asili yake

Miongoni mwa wapenzi wa pikipiki hizi kuna mzaha wa kale kwamba ukiona sakafu ni kavu chini ya injini, basi ujue mafuta yamekwisha ndani. Mzaha huu umewafanya wengi waamini kwamba kuvuja ni maumbile ya injini hizo na kwamba hakuna la kufanya ila kuweka karai chini yake. Imani hiyo si sahihi. Kuvuja kwake kuna sababu zinazoweza kutajwa moja baada ya nyingine.

Muundo wa injini ya Bonneville unatokana na Triumph Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner na kuzinduliwa mwaka wa 1937. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, nyepesi na rahisi kuundwa kwa gharama ya wakati huo. Ubunifu huo ulifanikiwa mno hivi kwamba uliendelea kupanuliwa na kuongezwa nguvu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mitetemo na joto viliongezeka kadiri nguvu ilivyoongezeka, ilhali mpangilio wa viungo vya injini ulibaki karibu ule ule.

Sehemu ya chini ya injini, ambayo katika makala haya tutaiita kasha la krenki, ndimo unamozunguka mhimili uliopindwa unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini uwe mwendo wa mzunguko. Kasha hilo lilisubiwa kwa aluminiamu katika vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vikaunganishwa kwa wima. Maana yake ni kwamba mstari wa kiungo unapita hadi chini kabisa, mahali ambapo mafuta hutuama. Mwaka wa 1969 kampuni ya Honda ya Japani ilileta CB750, pikipiki yenye silinda nne ambayo kasha lake liligawanywa kwa ulalo. Kiungo kikuu kikawa juu ya mahali mafuta yanapokusanyika, na pikipiki hiyo ikajulikana kwa ukavu wake. Wanunuzi waliona tofauti hiyo hata kabla ya kuieleza.

Uvujaji haukuwa sababu pekee ya kuanguka kwa viwanda vya Uingereza, lakini uliwaharibia jina. Kampuni ya BSA ya Birmingham, iliyokuwa imeinunua Triumph mwaka wa 1951, iliporomoka kifedha na kuunganishwa na nyingine mwaka wa 1973. Mwaka huo huo wafanyakazi wa Triumph walikikalia kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, wakipinga kufungwa kwake. Waliunda chama cha ushirika kilichoendelea kuunda Bonneville hadi mwaka wa 1983. Jina la Triumph lilinunuliwa na mmiliki mpya, na pikipiki za kizazi kipya zikaanza kutoka Hinckley mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Safari ya mafuta

Hatuwezi kuelewa mafuta yanavyotoroka bila kujua yanavyosafiri. Katika injini hizi mafuta hayakai chini ya krenki bali hukaa katika tangi la pembeni lenye takriban lita 3. Pampu ndogo yenye pistoni mbili hufanya kazi mara mbili kwa wakati mmoja. Pistoni moja huvuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma kwenye krenki. Nyingine, ambayo ni nene zaidi, huyakusanya yaliyodondoka chini na kuyarudisha tangini. Unene huo una sababu: uwezo wa kurudisha lazima uushinde uwezo wa kuleta, la sivyo kasha lingejaa.

Chini ya kila pistoni ya pampu kuna kigololi kinachokaliwa na springi, ambacho kazi yake ni kuyazuia mafuta yasirudi nyuma. Kigololi hicho kikiingiwa na uchafu au kikalio chake kikilika, mafuta hushuka polepole kutoka tangini na kujaa katika kasha wakati pikipiki imeegeshwa. Mwenye pikipiki huja baada ya majuma mawili, akaona tangi limepungua, akaongeza mafuta. Anapoiwasha injini, mafuta yaliyokuwa yamejificha hurudi tangini yakakuta nafasi imechukuliwa, na yaliyosalia katika kasha hurushwa nje kupitia kila upenyo. Huo si uvujaji kwa maana halisi. Ni mafuta yaliyohama na kuhesabiwa mara mbili.

Kanuni inayotokana na hili ni rahisi: kiwango cha mafuta kikaguliwe baada ya injini kuwaka kwa dakika chache, wala si baada ya kulala kwa siku nyingi. Tiba ya kudumu ni kuifungua pampu, kusafisha vikalio na kuviketisha upya vigololi. Wapo wanaofunga mfereji mdogo katika bomba la mafuta ili waufunge wanapoegesha. Njia hii huzuia kuhama kwa mafuta, lakini siku mwenyewe akisahau kuufungua, krenki itazunguka bila mafuta na injini itakwama katika muda mfupi. Amezuia tone la mafuta, amepoteza injini nzima.

Pumzi ya injini

Sasa tufike penye kiini cha mada yetu. Pistoni mbili za Bonneville hupanda pamoja na kushuka pamoja. Zinaposhuka, hewa iliyo chini yake katika kasha la krenki hubanwa. Zinapopanda, nafasi hupanuka tena. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hewa hiyo husukumwa na kuvutwa zaidi ya mara 80 katika kila sekunde. Aidha, gesi kidogo kutoka chumba cha mwako hupenya kandokando ya pete za pistoni na kuongeza msukumo huo.

Waundaji walilijua jambo hili, wakaiwekea injini njia ya kupumulia. Katika injini za miaka ya 1960 njia hiyo ilikuwa na kisahani chenye matundu kilichozungushwa na mhimili wa vali, kikifunguka pistoni zinaposhuka na kufunga zinapopanda. Kuanzia matoleo ya msimu wa 1970, hewa ilielekezwa kwenye kifuniko cha mnyororo wa upande wa kushoto na kutoka kupitia bomba pana zaidi la nyuma.

Bomba la kupumulia likiziba kwa matope, likikunjwa au likibadilishwa kwa jembamba kuliko linalotakiwa, hewa haina pa kutokea. Itatafuta njia yake yenyewe na itaisukuma nje mafuta kupitia kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Fundi akikiziba kiungo hicho, msukumo utahamia kwenye kiungo cha pili kwa udhaifu. Ndiyo maana wengine huziba mwaka mzima wasimalize. Kwa hivyo hatua ya kwanza ya kutibu uvujaji ni kuzibua: bomba litolewe, lisafishwe na kuhakikishwa kwamba ni la upana unaofaa. Iwapo bado moshi na hewa vinatoka kwa nguvu nyingi bombani, huenda pete za pistoni zimelika, na hakuna gasketi itakayoponya ugonjwa huo.

Kulitafuta chimbuko

Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vinavyohusu majimaji, na utajiri huo una manufaa hapa. Injini inaweza kutoa jasho, yaani kuwa na utando mwembamba wa mafuta usiodondoka. Inaweza kutona, tone moja moja. Inaweza pia kuchuruzika. Injini inayotoa jasho baada ya safari ndefu inaweza kusubiri. Inayotona inahitaji kuchunguzwa. Inayochuruzika isiendeshwe, kwa sababu mafuta yakifika kwenye gurudumu la nyuma huondoa mshiko wa tairi barabarani, na hatari inayofuata ni ya roho ya mwendeshaji.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mafuta yametokea pale yanapoonekana. Mafuta huvutwa chini na uzito wake na kusukumwa nyuma na upepo wa mwendo. Kwa hivyo chimbuko lake huwa juu zaidi na mbele zaidi ya mahali tone linapoangukia. Utaratibu mwafaka ni kuiosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, kuikausha kabisa, kisha kuinyunyizia poda nyeupe kama ile ya watoto wachanga. Injini huwashwa na kuendeshwa kwa muda mfupi. Poda itaonyesha mchirizi wa kwanza, na mchirizi huo hufuatwa kwenda juu hadi unapoanzia.

Katika Bonneville, machimbuko ya kawaida yanajulikana. Kuna vifuniko vidogo vya juu vinavyofunguliwa ili kurekebisha vali, ambavyo hulegezwa na mitetemo. Kuna mirija miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma ya silinda, inayohifadhi fito za kusukuma vali. Vilevile kuna chumba cha pointi, yaani kile kifaa kinachoamuru wakati wa cheche ya plagi. Chumba hicho kinapaswa kuwa kikavu. Ukikifungua ukakuta mafuta, ujue sili iliyo nyuma yake imechakaa au iliwekwa vibaya.

Nyuso, gasketi na joto

Chimbuko likishajulikana, ndipo wakati wa kuziba umewadia. Hapa nako pana utaratibu. Gasketi haikuundwa ili kujaza mashimo. Kazi yake ni kukamilisha mgusano wa nyuso mbili ambazo tayari zinakaribia kulingana. Uso ukiwa umepinda au umechimbwa na bisibisi iliyotumiwa kubandua kifuniko, gasketi haiwezi kuusaidia.

Kifuniko huchunguzwa kwa kuwekwa juu ya kipande cha kioo kinene kilichonyooka. Kikicheza, kimepinda. Msasa laini hutandikwa juu ya kioo hicho, ukaloweshwa kwa mafuta ya taa, na kifuniko kikasuguliwa taratibu kwa mwendo wa namba nane ili kisilike upande mmoja. Uso ukipakwa wino kabla ya kusuguliwa, sehemu zilizo chini zitabaki na rangi na fundi atajua bado kazi ipo. Aghalabu kingo za matundu ya skurubu huwa zimeinuka kwa kukazwa kupita kiasi. Kingo hizo zikipunguzwa kidogo tu, kifuniko huketi sawasawa.

Sehemu ya juu ya injini ina mtihani wa ziada. Silinda zake ni za chuma, ilhali kichwa kinachozifunika ni cha aluminiamu. Joto likipanda, aluminiamu hutanuka takriban maradufu ya chuma. Viungo husogea kila injini inapopata moto na kila inapopoa. Gasketi inayowekwa hapo ni ya shaba nyekundu, ambayo huwa ngumu baada ya kubanwa. Haina haja ya kutupwa. Hupashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikatumbukizwa majini, na kusafishwa. Tofauti na chuma cha pua, ambacho huweza kuwa kigumu kikipozwa ghafla, shaba hulainika na kuwa tayari kwa kazi tena.

Mirija ya fito za vali hudai uangalifu mkubwa zaidi. Kila mrija huzibwa kwa pete za mpira, na mirija hiyo hubanwa na kichwa kile kile kinachobana gasketi ya shaba. Pete zikiwa nyembamba, mafuta yatavuja. Zikiwa nene, zitakiinua kichwa kisiikalie gasketi, na gesi za mwako zitapenya. Kwa sababu hiyo fundi hukiweka kichwa kwanza bila kukaza bolti na kupima upenyo unaobaki kati yake na gasketi. Upenyo usiozidi takriban milimita 1 huashiria kwamba mpira utabanwa ipasavyo.

Gundi nayo ina nafasi yake, hasa katika kiungo cha kasha la krenki ambacho hakina gasketi. Lakini ipakwe utando mwembamba. Gundi ya silikoni inapopakwa kwa wingi hujibana pande zote mbili. Ile inayotokea nje huonekana na kufutwa. Ile inayoingia ndani haionekani. Humenyeka, ikasafiri na mafuta na inaweza kukwama katika njia nyembamba inayolisha krenki. Hapo aliyetaka kuokoa kijiko cha mafuta huwa ameinyima injini mafuta yote.

Hesi na spana

Jambo la mwisho ni ukazaji. Hesi za bolti katika injini hizi hazikufuata vipimo vya milimita. Baadhi zilifuata utaratibu uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka wa 1841, na nyingine utaratibu wa Uingereza wa hesi za baiskeli, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipoanza kubadilishwa. Spana ya Whitworth ya robo inchi ina upana wa milimita 13.3. Anayetumia spana ya 13 ataiona haiingii. Anayetumia ya 14 ataiona inaingia, lakini itacheza na kuzimaliza pembe za nati. Nati iliyopoteza pembe haiwezi kukazwa kwa kipimo, na kiungo kisichokazwa kwa kipimo kitavuja.

Bolti za kichwa hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni na kwa kupishana, kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu cha mwongozo cha mwaka wa injini husika. Baada ya injini kupata moto kwa mara ya kwanza na kupoa kabisa, bolti hizo hukaguliwa tena, na upenyo wa vali hupimwa upya. Anayekaza kwa nguvu za mabega akidhani amezidisha usalama huishia kuvipinda vifuniko au kuzing'oa hesi katika aluminiamu.

Hitimisho

Tumeona kwamba injini kongwe za Uingereza hazikulaaniwa kuvuja. Huvuja kwa sababu mafuta yamezidi, kwa sababu pumzi imezibwa, kwa sababu nyuso hazilingani, au kwa sababu zana isiyofaa imetumika. Mpangilio wa tiba hufuata mpangilio wa sababu hizo: kupima kiwango, kuzibua njia ya hewa, kulisaka chimbuko, kusawazisha nyuso, kisha kuziba na kukaza kwa kipimo. Anayeruka hatua za mwanzo atalazimika kuzirudia, na kila marudio humgharimu gasketi mpya.

Tumeona pia kwamba maelezo haya yote hayakuilemea lugha. Spana, nati, bolti, gasketi na sili ni maneno ambayo mafundi wetu wameyakopa na kuyazoesha ulimi wa Kiswahili bila kusubiri kamati. Hesi, msasa na kusubu yamo katika kamusi zetu, ingawa wengi wetu tunaohitimu hatuyatumii. Tunapowasikiliza wazee wa pwani ili tukusanye msamiati wa mashairi, tufike pia penye karakana na kuwasikiliza mafundi kwa heshima ile ile. Msamiati upo. Uliozibwa ni mfereji kati yao na sisi, na jukumu la kuuzibua ni letu tunaosomea lugha hii.